Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anaenda Kukaa Nyumba ya Watu Wiki Mbili, Kiingereza Kitaingia?

Meseji za mwezi huu karibu zote ni za jambo moja, safari za shule, watoto wanapelekwa nje wakakae kwenye nyumba za wenyeji wiki mbili tatu ili Kiingereza kifunguke, wenyewe wanaita homestei. Nimechagua chache nikazipunguza maana kuna mama kaandika mpaka rangi ya begi.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu yuko Form Two hapa Dar, shule yao imeleta karatasi kwamba likizo ya mwezi wa sita wanapeleka watoto ishirini Eastbourne, Uingereza, wiki mbili, asubuhi wanasoma jioni wanarudi kwa familia walizopangiwa. Hela yenyewe sitaitaja maana wanaonidai nao wanakusoma. Nachotaka kujua, atarudi anaongea au atarudi na mapicha? Halafu wanataka tulipe yote mwisho wa mwezi huu ndo wakate tiketi, na viza hata hatujaomba. Na baba yake tulishaachana. Mama wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na darasa maana ndo kitu shule zinachokitangaza sana. Cambridge, hawa wanaotunga mitihani ya Kiingereza ya wageni, wanakadiria mtu akitaka kupanda ngazi moja, tuseme atoke kwenye kujiumauma mpaka aweze kusimulia kitu kikaeleweka, anahitaji kama saa 200 za kufundishwa. Kozi za asubuhi kwenye safari hizi mara nyingi ni saa tatu kwa siku, siku tano, kwa hiyo wiki mbili ni saa 30. Saa 30 za darasa anazipata hapo hapo Tabata kwa mwalimu mzuri wa tuisheni na chenji ikabaki.

Unacholipia wewe ni jioni. Yaani ule muda mtoto karudi, mwenye nyumba anamuuliza leo mmefanya nini, na pale hakuna mwalimu wala rafiki wa kumnong'oneza, ajibu mwenyewe kwa Kiingereza alichonacho, kizima au kibovu. Hapo ndo ulimi unapolegea. Grama haiongezeki kwa wiki mbili, nisikudanganye, ila woga unapungua, na watoto wetu wengi wanaosoma hizi shule za English medium kusema kweli wanajua, wanachoogopa ni kuchekwa.

Kwa hiyo ukienda kwenye kikao cha wazazi uliza hivi: usiku mwanangu analala nyumba moja na nani? Uliza na usikae chini mpaka ujibiwe. Maana kinachotokea ni watoto wanne wa shule moja wanawekwa nyumba moja, wakishakula wanapanda chumbani, mlango tii, Kiswahili mpaka saa tano usiku, asubuhi basi moja, mchana kundi lile lile linapigana picha ufukweni, wanarudi Dar Kiingereza walichotumia ni thenkyu na kuomba paswadi ya waifai. Shule za lugha za kule zilizoidhinishwa na British Council, lile shirika la Uingereza la lugha na utamaduni, zina kikomo cha wanafunzi wanne kwa nyumba, lakini hakuna aliyesema lazima wafike wanne. Ningekuwa mimi ningeomba wawe wawili, na ikiwezekana huyo wa pili awe Mtaliano au Mhispania au Mjapani, wapo wa kumwaga kiangazi kwenye miji ile ya pwani, Eastbourne, Hastings, Brighton, Bournemouth. Watoto wawili wasiojua lugha ya mwenzake watabanana na Kiingereza wapende wasipende, hata wakigombania bafu. Shule ikikwambia haiwezi hata kuuliza, mi ningeanza kuwa na mashaka na hiyo safari.

Sasa hela. Usilipe yote kabla ya viza, hilo nalisema kwa sauti. Mtanzania anaomba viza ya mgeni ya kawaida, ile inayoruhusu mpaka miezi sita na ndani yake unaweza kusoma kozi fupi kwenye shule iliyoidhinishwa. Maombi yanafanyika mtandaoni, hamruhusiwi kuomba mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, mtoto anaenda kutoa alama za vidole, halafu majibu kwa kawaida wiki tatu. Ada ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 115 mpaka 127, na hizi ada huwa hazikai mahali pamoja kwa hiyo angalia siku ile ile unayoomba. Wakikataa hairudi. Sasa mtu anayetaka hela ya tiketi za watoto ishirini leo wakati hakuna hata mmoja mwenye viza anakimbilia wapi? Andikishianeni: kiasi kidogo cha kuanzia, kinachobaki viza ikitoka, na ikikataliwa kinarudi shilingi ngapi. Kwa maandishi mama, sio kwenye grupu la watsap.

Hilo la baba yake lishughulikie wiki hii. Mtoto chini ya miaka 18 anatakiwa awe na barua ya ridhaa ya mzazi inayosema anasafiri na nani na atakaa wapi, pamoja na cheti cha kuzaliwa kuonyesha huyo mzazi ni mzazi kweli. Kama mahakama ilikupa malezi peke yako ambatanisha nakala ya hukumu, kama haikukupa basi mtafute asaini, kama hamsemeshani mtume mjomba. Na bima ya safari usiiache hata wakikwambia sio lazima. Kule mtoto akivunjika mkono kwenye mpira, chumba cha dharura anapokelewa bure, ila akishalazwa tu mgeni anatozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya hospitali ya serikali, na hiyo ni bili ambayo hata wanaokudai wataihurumia.

SWALI: Asalaam alaykum Shangazi. Binti yangu yuko sekondari, shule yao inaenda Bournemouth mwezi wa sita. Mamake hataki hata kusikia, asema mtoto atalishwa nguruwe na alale na mbwa. Na swala itakuwaje? Baba wa Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam. Mamake anauliza maswali ya maana kabisa, sema anakuuliza wewe wakati angeuliza shule. Kuna fomu inajazwa kabla ya mtoto kupangiwa nyumba, na mimi nimeona wazazi wanaijaza kwa aibu, wanaandika tu "halali" wanaacha. Jaza kama unaagiza fundi: nyama halali tu, kama haipo basi samaki, mayai na mboga, hakuna nguruwe, hakuna pombe kwenye mapishi, nyumba isiyo na mbwa. Hili la mbwa lisipoandikwa hakuna atakayelifikiria, maana mbwa wa kule ni mtu wa nyumbani, anakaa kwenye kochi na wengine wanapanda mpaka kitandani. Bekoni mtoto ataikwepa mwenyewe. Kinachowapata ni jelatini, ile ya kugandishia ambayo mara nyingi inatokana na nguruwe, kwenye zile pipi laini za kutafuna, mwambie asome pakiti.

Swala ndo inataka mipango. Mwisho wa mwezi wa sita kule jua linazama karibu saa tatu na robo usiku, ninyi Mombasa mmezoea saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo Magharibi inaingia wakati mwenye nyumba anaanza kuzima taa, na Alfajiri inaingia kwenye saa tisa hivi usiku. Mtoto akiamka kimya kimya kufungua maji saa hizo bila kusema, mwenye nyumba atadhani anaumwa au anatoroka. Amwambie siku ya kwanza, watamwelewa. Suala la kujumuisha swala kwa aliyekaa mji mmoja wiki mbili mwulizeni ustadh wenu kabla ya safari, msiende kuligombania kule. Msikiti Bournemouth upo.

Na unaweza kuomba familia ya Kiislamu, zipo, Wapakistani, Wabangladeshi. Hapa niseme kitu kwa wazazi wote, maana nimepata meseji mbili za kulalamika "tumelipa hela yote hii mtoto kapelekwa kwa Mhindi". Uingereza ya leo ndo hiyo. Familia inayopokea wanafunzi inaweza kuwa ya Wafilipino, ya Wanigeria, au bibi mmoja mjane na paka wake, na wengine Kiingereza chao ni cha kuzaliwa nacho kuliko hata hicho unachokitafuta. Kama nyumba ni safi, imekaguliwa, na mtoto anasemeshwa, mwenyeji awe rangi yoyote.

SWALI: Shkamoo anti, mi ni mmoja wa wanaoenda, nna miaka 15, kuandika naandika vizuri ila kuongea naganda. Mezani ntasema nini na wale watu? Naogopa hata kuomba chumvi. Naogopa, Dodoma

JIBU: Marahaba. Sikiliza, we umelelewa vizuri na hapo ndo tabu inapoanzia. Kwetu mtoto mwenye adabu akiwa mezani na wakubwa anainamisha kichwa, anakula, anajibu akiulizwa, tena kwa kifupi, akimaliza anashukuru anaondoka. Ukifanya hivyo kule mwenye nyumba hatafikiri una adabu, atafikiri una huzuni, au chakula kibaya, au humpendi, na kesho yake atampigia mwalimu wako kumwuliza huyu mtoto ana nini. Kwao mezani ndo pa kuongelea. Atakuuliza siku yako ilikuwaje na "nzuri" haitoshi, anasubiri uendelee, kwa hiyo mpe kitu: basi lilichelewa, ndege wale weupe wa baharini wamempora mwenzako chipsi mkononi (wanapora kweli, ushike vizuri). Ukikosea na bado akakuelewa imeisha hiyo, hakuna anayekusahihishia kwa kalamu nyekundu.

Mtazame usoni akiongea na wewe, najua kwetu ni ukaidi, kule ukitazama chini ndo wanahisi umeficha kitu. Plizi na thenkyu tumia mpaka zikuchoshe, kwa chumvi, kwa maji, kwa kupishwa mlangoni. Na uwe na maswali yako mawili matatu ya akiba ya kuwauliza wao, maana kuuliza ni rahisi kuliko kusimulia: mbwa ana miaka mingapi, hii nyumba mmekaa muda gani, timu yenu ipi. Ukimuuliza Mwingereza timu yake, we kazi yako imebaki kusikiliza.

Chakula cha jioni kinakuja mapema, saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu, viazi, njegere, kipande cha kuku, na hapo ndo basi, hakuna wali wa saa mbili usiku. Njaa ikikushika sema, usikae nayo chumbani. Mchana utafungiwa sandwichi, pakiti ya krispi na tufaha, kila siku sandwichi, utaizoea. Usioge nusu saa, maji ya moto wanayalipia. Chaja yako ya nyumbani inaingia bila adapta, soketi zao ni zile zile zetu za pini tatu, na magari yanapita kushoto kama kwetu kwa hiyo kuvuka barabara unajua tayari.

SWALI: Habari dada. Mimi ni Mkenya naishi Uingereza miaka mingi, mji wa pwani pia, nna vyumba viwili watoto wameshahama. Nafikiria kupokea wanafunzi. Je na hii lafudhi yangu watanikubali? Na kodi je? Chumba Kipo

JIBU: Lafudhi yako ina shida gani? Watakuja kukagua nyumba, kitanda, dirisha, king'ora cha moshi, na wewe na wenzako wa nyumbani wenye miaka 16 kwenda juu mtafanyiwa cheki ya DBS, yaani kuangaliwa kama mna rekodi ya uhalifu, kwa ajili ya usalama wa watoto, hiyo ndo wanaiangalia. Kodi una ahueni, mpango wa serikali wa Rent a Room unakuruhusu kuingiza mpaka pauni 7,500 kwa mwaka kutokana na chumba chenye fanicha ndani ya nyumba unayoishi bila kulipa kodi ya mapato. Kama nyumba umepanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, na waambie watu wa bima.

Halafu kuna sheria watu hawaijui: mtoto chini ya miaka 16 asiye ndugu yako wa karibu akikaa kwako siku 28 au zaidi, hiyo kisheria sio homestei tena, inahesabika ni malezi binafsi na kaunsili lazima ijulishwe. Wiki mbili haina neno. Ila mzazi akikubembeleza kwa simu "mbakishe mpaka likizo iishe", kataa kwanza uulize.

Na siku utakayoletewa watoto wa Kitanzania, nakujua utafurahi, utapika pilau, mtaanza habari za nyumbani. Usifanye hivyo. Au fanya Jumapili moja tu! Wazazi wao wamekopa ili watoto wasikie Kiingereza, na we ndo umekuwa Kariakoo.

SWALI: Shangazi, nipo Maskati, shule ya wanangu imechagua Malta badala ya Uingereza, wanasema bei nafuu. Ni Kiingereza kweli kile? Mama wa Maskati

JIBU: Ni kweli, Kiingereza ni lugha rasmi pale pamoja na Kimalta, Waingereza wametawala mpaka 1964 na hata soketi ni za pini tatu. Malta iko Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu 2007 kwa hiyo viza ni ya Schengen, wala usichanganye na ya Uingereza. Ila ujue mambo mawili. Nyumbani familia nyingi wenyewe kwa wenyewe wanasema Kimalta, ambacho asili yake ni Kiarabu, na wanao wa Maskati wakisikia mwenye nyumba anahesabu mayai watacheka maana namba watazidaka zote. Na kiangazi Sliema na St Julian's zinajaa vijana wa Kitaliano. Kwa hiyo swali ni lile lile nililompa mama wa Tabata, uliza analala na nani na mwenyeji anawasemesha kwa lugha gani.

SWALI: Mama, mimi ni mwalimu hapa Bujumbura. Ulaya hatuna uwezo. Nafikiria kupeleka wanafunzi wangu Nairobi ama Kampala wakae kwa familia mwezi mmoja. Ni wazo mbaya? Mwalimu wa Buja

JIBU: Mwalimu, ni wazo zuri kuliko safari nyingi nilizozijibu hapo juu. Kwenu Kiingereza kimekuwa lugha rasmi tangu 2014 lakini mtoto anakisikia wapi nje ya darasa? Na Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo Uganda na Kenya mnaingia kama raia wa nchi mwanachama, hakuna habari ya kulipia viza.

Kati ya hiyo miji miwili mi ningechagua Kampala, na Wakenya mnisamehe. Watoto wako wanajua Kiswahili, ukiwapeleka Nairobi siku ya kwanza tu watagundua kondakta, mama wa duka na watoto wa jirani wote wanaelewa Kiswahili, wiki ya pili wanaongea Sheng, Kiingereza kimelala. Kampala wenyeji wana Luganda yao ambayo watoto wako hawaijui, Kiswahili hakitumiki sana mtaani, kwa hiyo kinachobaki cha kuelewana ni Kiingereza.

Kasoro ni kwamba huku hakuna British Council ya kukukagulia nyumba za kulala watoto, mkaguzi ni wewe. Usichukue familia za kutafutiwa na dalali. Tafuta shule moja ya Kampala mkubaliane shule kwa shule, watoto wako wakae kwa wazazi wa wanafunzi wa pale na asubuhi waingie darasani na wenyeji wao, mwakani na wao walete watoto wao kwenu wajifunze Kifaransa, mtapunguza gharama nusu. Tangulia mwenyewe ukazione hizo nyumba, vyumba, nani anaishi mle, mlango wa chumba cha wasichana unafungwa kwa ndani au la. Barua za ridhaa za wazazi zipigwe muhuri. Na njia, Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo ile njia fupi ya basi usiiweke kwenye bajeti kabla hujauliza hali ilivyo sasa, kuzunguka kwa Tanzania ni siku nyingine na nauli nyingine.

SWALI: Na mimi nina moja dogo. Nimpigie saa ngapi kwa video? Sitaki alale bila kunisikia. Mama wa Mbezi

JIBU: Mwezi wa sita wao wako nyuma yetu saa mbili. Sasa hesabu, wewe ukishakula ukatulia, saa mbili na nusu usiku, ndo unashika simu, si ndio? Kule ni saa kumi na mbili na nusu jioni, sahani ndo zinawekwa mezani. Simu inalia, mtoto anaomba ruhusa anapanda chumbani, nusu saa mnaongea, akishuka wenzake wameshaosha vyombo. Fanya hivyo siku kumi na nne uone kama atakuwa ameongea na mtu. Piga saa moja usiku ya kwetu, kabla ya taarifa ya habari, kule ni saa kumi na moja jioni, chakula bado, dakika kumi zinatosha. Au kila baada ya siku mbili. Akikosa kupokea siku moja usimpigie mwalimu, na tafadhali usimpigie mwenye nyumba.